Ndui ya Bi Cadija

Bi Cadija aliporudi kutoka pwani baada ya juma zima, na kikapu cha chumvi kichwani, alikuta kamba ya magome imekatiza njia ya kibanda kilichoko nyuma ya shamba la mihogo, na watu wa kambi wamesimama kando wakimtazama kwa huruma. Huruma ile ilimkera. Yeye alikuwa mtu wa kutukana na kutukanwa, ndivyo alivyolelewa, na watu wakianza kumwonea huruma alijua kuna baya limemfika.

"Nuria yuko wapi?" aliuliza.

Nuria alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, na ndiye mtu pekee aliyembakia. Mama yake Nuria aliuawa na bomu la ndege mwaka uliotangulia. Baba yake alikuwa mpiganaji huko uwanda wa juu, na habari zake zilikuja kwa nadra. Vita vya kumtoa Mreno vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Askari walipoanza kuwakusanya watu wa vijiji vya jirani na Mute na kuwatia ndani ya uzio wa waya, Bi Cadija alikimbilia msituni upande wa Pundanhar, mjukuu mgongoni, kuku wawili mkononi. Kambini walimpokea vizuri kwa sababu alijua kuchemsha maji ya bahari mpaka yakawa chumvi, na msituni mwenye chumvi hana adui.

"Yumo ndani, bibi," alisema Margarida, akitokea kwenye mihogo. "Tua mzigo kwanza."

Margarida ndiye aliyekuwa infermera wa kambi, binti wa Kimakonde aliyesomea uuguzi ng'ambo ya Ruvuma. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini akisema hapana ilikuwa hapana.

"Ana nini?"

"Homa, na vipele mwili mzima. Inaweza kuwa tetekuwanga, tukacheka baadaye. Inaweza kuwa ndui. Mpaka nijue, haingii mtu ila aliyekwisha kuugua ndui au kuchanjwa, maana huyo haimpati."

"Na nani yuko naye humo?"

Kabla Margarida hajajibu, sauti nzito ilitoka kibandani. "Niko naye mimi, mtani wako! Nimekwisha mrithi! Wewe rudi baharini ukavue kaa!"

Bi Cadija alifumba macho. Kati ya watu wote wa kambi, Mungu alikuwa amemchagua Bernardino.

Kwa baba, Bi Cadija alikuwa mtu wa pwani. Kwa mama alikuwa Mmakua, na Wamakua na Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukuvunjia heshima hadharani, kukunyakulia kuku, kuja msibani kwako akichekacheka wakati wewe unalia. Nawe ukikasirika, kosa ni lako. Bernardino, mzee wa Kimakonde aliyekuwa akiikatia kambi kuni, aliitumia ruhusa hiyo kila siku ya Mungu, na Bi Cadija naye hakumbakishia. Uso wa mzee huyo ulikuwa umetobokatoboka kama kitumbua. Zilikuwa alama za ndui ya utotoni, na ndizo zilizompitisha kwenye kamba.

"Basi na mimi naingia," alisema Bi Cadija. "Ndui niliugua zamani, nikiwa mdogo kama Nuria. Mamangu, Mungu amrehemu, alinisimulia mara mia."

Margarida alimtazama usoni. Uso wa Bi Cadija ulikuwa laini, hauna hata tundu la sindano, na kambi nzima ililijua hilo kwa sababu mwenyewe hakuacha kuwakumbusha.

"Makovu yako wapi, bibi?"

"Dawa ya mamangu iliyaondoa."

Kibandani Bernardino aliangua kicheko. "Mama gani huyo, angenipitia na mimi!"

"Sikubishii," alisema Margarida. "Lakini nikikosea nitakuwa na wagonjwa wawili. Nisikilize. Hapa kuna maswali mawili, na kila swali lina kipimo chake. Swali la mtoto: je, ana ndui sasa hivi? Swali lako: je, uliwahi kuwa nayo? Ukiyachanganya hayo, utapata jibu la swali ambalo hukuuliza."

"Anza na la mtoto."

"La mtoto nimelipima kwa macho kwanza. Vipele vya ndui huiva pamoja kama vijana wa jando moja, na hujazana usoni, viganjani na nyayoni. Vya tetekuwanga hutoka kwa zamu: hiki kichanga, hiki kina maji, hiki kimeshakauka. Navyo hupenda kifua na mgongo. Vya Nuria vimetoka kwa zamu, tena mgongoni."

"Basi ni tetekuwanga hiyo! Fungua kamba!"

"Ana viwili kiganjani. Macho yangu yananiambia tetekuwanga, hivyo viwili vinaniambia ngoja. Macho hudanganyika, bibi. Kwa hiyo nimebandua vigaga, nimevitia kwenye kichupa, na wabebaji wetu, akina Palmira, wamevuka navyo Ruvuma. Huko vitafika kwa wataalamu, nao watavisaga na kuvipandikiza ndani ya yai la kuku. Kama ni ndui, ngozi ya ndani ya yai itaota madoa. Tetekuwanga haioti kwenye yai."

Watu wote waliosimama pale walisogea karibu. Walikuwa wamesikia mengi tangu vita vianze, lakini hili la yai lilikuwa jipya.

"Yaani yai litaugua ndui?" mmoja aliuliza.

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na kuku je?"

Bi Cadija hakuwa na habari na kuku wa watu. Alikuwa amekwisha geuka na kukimbilia kibandani kwake, na aliporudi alikuwa ameshika mayai matatu kwenye upindo wa kanga. "Ungesema tangu mwanzo! Kwa nini vigaga vivuke mto kwa ajili ya yai, na mimi kuku wangu anataga? Pandikiza hapa hapa."

Margarida aliuma mdomo ili asicheke. "Bibi, yai lenyewe lazima liwe limeatamiwa, lina kifaranga hai ndani. Kijidudu cha ndui ni kidogo mno, hata hadubini ya kawaida haikioni, na hakizai ila ndani ya kitu kilicho hai. Halafu yai linataka mashine ya kulitunzia joto, na chumba kisafi, na mtu anayejua anachokitazama. Mayai yako mpikie Nuria."

"Nimpikie mimi, ale yule kitumbua," alisema Bi Cadija, lakini alikwenda kuyachemsha. Aliyaweka kwenye kamba na kurudi nyuma, kisha Bernardino akatoka kuyachukua, akala moja pale pale huku akimtazama.

Ilipofika zamu ya Bi Cadija ya kupimwa, Margarida alitoa sindano yenye ncha mbili na kichupa kidogo cha dawa. Ilikuwa chanjo ile ile waliyochanjwa watu wengine wote wa kambi ila Nuria, aliyekuwa na homa siku hiyo, na ambayo Bi Cadija aliikataa akisema haja gani kumfundisha samaki kuogelea.

"Mwili uliokwisha kupigana na ndui unakumbuka," Margarida alieleza, huku akimdonoadonoa mkononi. "Ukiuchanja, hutoa kiuvimbe chekundu upesi, kikanywea, basi. Mwili usioijua hukawia, kisha hutoa lengelenge kubwa lenye usaha, likaacha kovu."

"Na pasipotoka kitu?"

"Pengine joto limeiharibu dawa. Nitakuchanja upya. Kimya si jibu."

Asubuhi iliyofuata palikuwa na uwekundu mdogo penye sindano. Bi Cadija alizunguka kambi nzima amekunja mkono wa gauni, akipiga vigelegele mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Alisimama penye kamba akamwonyesha Bernardino. "Ona! Mwili unakumbuka! Toka humo, nafasi yako imekwisha!"

"Huo ni uwekundu wa kuchomwa sindano," alisema Margarida. "Hata mti ukiuchoma hutoa utomvu. Ngoja."

Kungoja ndilo jambo ambalo Bi Cadija hakulijua kabisa. Kila siku alikuja na uji, akauweka, akakaa upande wake wa kamba akatega sikio. Alimsikia Nuria akilia kwa kuwashwa, akamsikia Bernardino akimwimbia kwa Kimakonde wimbo ambao hakuujua, na kilio kikatulia. Wivu ulimkaba. Alikuwa tayari mjukuu wake apone mikononi mwa mtu yeyote duniani, ila moyo ulimuuma kwamba mikono hiyo haikuwa yake.

"Leo tumekula panya wa kuchoma!" Bernardino alipaza sauti siku moja. "Anasema ni watamu kuliko samaki wenu! Nikimtoa humu atakuwa Mmakonde kamili, nitamchanja na chale usoni!"

Bi Cadija, Mwislamu wa ukoo wa Waislamu, alirusha muhogo mzima ukapiga ukuta wa kibanda. Alimtukana Bernardino, akamtukana na panya. Mpaka sauti ndogo ya Nuria ikatoka ndani, imejaa kicheko.

"Bibi, ni samaki! Ananifundisha nikudanganye!"

Bi Cadija alikaa chini akacheka mwenyewe, na machozi yakamtoka, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto akicheka tangu arudi.

Kisha mkono ukabadilika. Penye sindano palivimba, pakatokea lengelenge, likajaa, likawa kubwa kama punje ya hindi lililoiva. Homa kidogo ikampata, na kwapa likamuuma. Aliuficha mkono chini ya kanga, lakini siri ya kambini haikai. Wanawake waliliona alipokuwa akitwanga.

"Cadija ana ndui!" walipiga kelele, na vinu vikaachwa na michi ndani. Kufikia adhuhuri walikuwa wamefunga kamba ya pili kuzunguka kibanda chake, na kuku wake nao wamezuiwa kutoka.

Margarida alikuja amekasirika. Watu hawakuwahi kumwona amekasirika. "Nani amefunga hii? Niliwaeleza nini? Mkono wake haukuulizwa kama ana ndui leo. Uliulizwa kama uliwahi kuijua. Na jibu ni kwamba haujawahi. Lengelenge hili ni chanjo imeshika, kama ilivyoshika kwenu ninyi nyote mkasahau. Asiguswe tu hapo na asitumbuliwe usaha, basi."

Kamba ilifunguliwa. Lakini Bi Cadija hakutoka ndani.

"Kwa hiyo nimekuwa mwongo," alisema.

"Sikusema hivyo, bibi."

"Mkono umesema." Aliutazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtolea ushahidi barazani. "Au mwongo ni mamangu. Maisha yangu yote nimetembea nikijua niliponea chupuchupu, kwamba mama alikesha na mimi, akaishinda ndui kwa mikono yake. Kumbe hadithi."

Margarida hakuwa na sindano ya hilo. Alikaa naye kitako, kisha akamwambia jambo ambalo Bi Cadija hakulitegemea. "Kipimo hiki kina kituko chake. Kimekuumbua, lakini hapo hapo kimekukinga. Sasa mwili wako unaifahamu ndui. Lengelenge likikauka, iwe Nuria ana ndui au hana, nakufungulia kamba."

Baadaye Bi Cadija alikwenda mwenyewe kumwambia Bernardino kwamba hakuwahi kuugua ndui, kabla hajaambiwa na wengine.

"Nilijua," Bernardino alijibu kutoka ndani. "Ndui haikuthubutu. Ilikuona ikakimbia." Sauti yake ilikuwa imechoka kidogo, na Bi Cadija aliichukulia kuwa ni uvivu.

Lengelenge lilikuwa limekwisha kuwa kigaga cheusi siku Palmira na wabebaji wake walipotokea njiani, wamebeba masanduku ya dawa. Palmira hakungoja kutua. "Margarida! Wanasema yai ni zima! Hakuna kilichoota!"

"Yai ni zima!" watu waliitikiana kibanda hata kibanda, na wengine ambao hawakujua ni yai gani walipiga vigelegele vivyo hivyo. Margarida alieleza kwa anayesikiliza na asiyesikiliza kwamba kipimo kimoja kikisimama peke yake humwacha mtu na wasiwasi, lakini hapa yai, macho yake, na ngozi ya mtoto iliyokwisha kupona vilisema neno moja. Ilikuwa tetekuwanga. Alikwenda kukata kamba mwenyewe, Bi Cadija nyuma yake akimkanyaga visigino.

Nuria alitoka mbio akamrukia bibi yake. Alikuwa mwembamba, ana madoadoa mepesi mgongoni, na ananukia moshi wa kuni za Bernardino. Bi Cadija alimshika akashindwa kumwachia, akimhesabu vidole kama mtoto aliyezaliwa siku hiyo.

"Bibi," mtoto alimnong'oneza, "leo usimtukane. Anaumwa."

Margarida alikuwa amekwisha ingia, na alipotoka hakuwa na uso wa yai zima. Bernardino alikuwa ameota vipele kichwani mpaka miguuni, kati ya makovu na juu ya makovu. Homa ilikuwa kali, na kifua kilikuwa kikimbana.

"Si aliugua ndui?" aliuliza Palmira. "Si ndiyo maana aliingia?"

"Ndui humkinga mtu na ndui. Tetekuwanga ni mdudu mwingine. Mwili wake haujawahi kukutana nayo, na ikimpata mtu mzima huwa si mchezo, ikishuka kifuani huua." Margarida alijifuta jasho. "Mimi niliugua nilipokuwa shule ya misheni, lakini leo wanaletwa majeruhi, siwezi kukaa naye. Nataka mtu aliyekwisha kuugua tetekuwanga, akae naye usiku na mchana, amnyweshe, amgeuze. Nani ana hakika?"

Watu walitazamana. Kila mmoja aliwahi kuugua kitu utotoni, hakuna aliyejua ni kitu gani.

"Nipime mimi," alisema Bi Cadija.

"Hii sina sindano yake, bibi. Kipimo kilichopo ni kumbukumbu. Nieleze ile ndui yako."

Bi Cadija alimweka mtoto chini. "Ilikuwa kisiwani Macaloe, kwa shangazi. Tuliugua mimi na dada zangu, sote pamoja. Tulijikuna mpaka mama akatufunga vitambaa mikononi. Mgongo, tumbo, hata ndani ya nywele. Mama alisaga msiro, ule mti wa kujipaka usoni, akatupaka mwili mzima, tukawa weupe kama mashetani. Baada ya juma moja hivi tulikuwa baharini tunaogelea."

Margarida alimshika bega. "Bibi, ndui haimwachi mtoto akaenda kuogelea baada ya juma moja. Na haiwaachi watoto wa nyumba nzima bila alama. Mlikuwa na tetekuwanga."

"Kwa hiyo mamangu hakunidanganya."

"Alikosea ugonjwa tu. Kukesha alikesha."

Bi Cadija alivuta pumzi ndefu, akatamani mama yake angekuwapo amwombe radhi.

"Lakini ni kumbukumbu ya utoto," Margarida aliongeza. "Si yai, si mkono. Siwezi kukuapia."

"Nani amekuomba kiapo? Mshike Nuria." Naye akainama akaingia.

Ndani palikuwa na joto na giza. Bernardino alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mkubwa kama alivyokuwa, anahema kwa shida. Bi Cadija alipiga magoti, akamnyanyua kichwa, akamnywesha maji kidogo kidogo. Alimfuta shingo. Katika njia fupi kutoka mlangoni alikuwa ametayarisha matusi matatu mazuri, na sasa hakutoa hata moja. Huyu ndiye aliyemwimbia mjukuu wake hizo siku zote. Alimpenda mzee huyu, na hakuwahi kulijua hilo mpaka dakika ile. Akaendelea kumfuta, kimya.

Bernardino alifungua jicho moja. Alimtazama kwa muda, na hofu ikamwingia usoni.

"Mtani," alisema kwa taabu. "Tukana basi. Ukininyamazia nitajua ninakufa."

Bi Cadija akaanza. Alianzia kwa babu yake aliyeoa kwa kukosea nyumba, akashuka kwa baba yake, akapitia panya wote wa uwanda wa juu, huku akimpepea na machozi yakimdondokea Bernardino kifuani. Na pale sauti ilipomkatika, Nuria, aliyekuwa amemponyoka Margarida na kusimama mlangoni, akaendelea na matusi kutoka pale bibi yake alipoishia.